Mapenzi ya Mungu na Mapenzi ya Wawili: Tatizo la Msuko kwa Mwandishi Chipukizi wa Riwaya ya Kimahaba ya Kikristo

Utangulizi

Neno "mapenzi" katika Kiswahili lina maana mbili ambazo wasemaji huzitumia kila siku bila ya kuzichanganya. Mapenzi ni huba iliyopo baina ya watu wawili. Mapenzi vile vile ni matakwa, na kwa maana hii ya pili ndivyo neno hilo linavyotumika katika Sala ya Bwana. Riwaya ya kimahaba ya Kikristo imekaa katikati ya maana hizo mbili. Inasimulia jinsi mwanamume na mwanamke wanavyopendana hata wakaoana, na papo hapo inasimulia jinsi mmoja wao, au wote wawili, wanavyoyakubali matakwa ya Mungu. Kwa hiyo mwandishi wa utanzu huu ana misuko miwili mikononi mwake, si mmoja, na hapana budi misuko hiyo ifike mwisho bila ya mmoja kuumeza mwingine.

Hapo ndipo mwandishi chipukizi anapokwama. Msuko wa huba huendeshwa na visababishi vya kibinadamu: maneno yaliyosemwa, jambo lililofichwa, barua iliyochelewa, mzazi aliyekataa. Msuko wa wokovu nao, kwa mujibu wa mafundisho ya Kikristo yenyewe, hutegemea neema, na neema si malipo ya jambo lolote ambalo mhusika amelitenda. Chipukizi asipoitambua tofauti hiyo hufanya jambo jepesi kuliko yote: humwongoa mhusika katika sura ya kabla ya mwisho ili apate kumwoza katika sura ya mwisho. Wokovu unakuwa tiketi ya arusi. Dini inapungukiwa na uzito wake, na mapenzi nayo yanapungukiwa na ukweli wake.

Makala haya yanachunguza namna tatizo hilo lilivyokabiliwa katika riwaya tatu za Amerika Kaskazini ambazo zimekuwa vielelezo kwa waandishi wa utanzu huu: Christy ya Catherine Marshall (1967), Love Comes Softly ya Janette Oke (1979) na Redeeming Love ya Francine Rivers (1991). Riwaya hizo zinalinganishwa na kazi chache za Afrika, hasa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ili kuonyesha ni nini kinachoweza kuazimwa na mwandishi wa Kiswahili na ni nini afadhali akiache kilipo.

Utanzu na Masharti Yake

Wahakiki wengi huuweka utanzu huu katika kapu la riwaya pendwa kisha wakafunga kifuniko. Hata hivyo tatizo lake la msingi ni kongwe kuliko riwaya pendwa yenyewe. Mwaka 1740 Samuel Richardson alichapisha Pamela, hadithi ya mtumishi wa nyumbani anayeukataa uchu wa bwana wake mpaka bwana huyo akamwoa. Kichwa kidogo cha riwaya hiyo kilitangaza kwamba wema umetunukiwa. Mwaka uliofuata Henry Fielding aliikejeli kazi hiyo katika Shamela, na kejeli yake ililenga mahali penye jeraha: ikiwa tuzo ya usafi wa moyo ni ndoa na mali, msomaji atajuaje kwamba usafi huo haukuwa biashara? Kila mwandishi wa mahaba ya Kikristo tangu wakati huo anaandika chini ya kivuli cha swali la Fielding, ajue asijue.

Nchini Marekani utanzu huu ulipata msomaji wake wa kudumu kupitia kwa Grace Livingston Hill (1865-1947), aliyeandika zaidi ya riwaya 100. Baada ya Marshall na Oke wachapishaji wa Kikristo waliona kwamba soko lipo, na mwaka 1997 kampuni ya Harlequin, iliyojulikana kwa mahaba ya kidunia, ikaanzisha tawi la Steeple Hill kwa ajili ya mahaba ya Kikristo. Kwa njia hiyo masharti ya utanzu yaliimarika: tendo la ndoa halielezwi, matusi hayaandikwi, na mhusika mkuu haolewi na asiyeamini. Sharti hili la mwisho limetokana na agizo la Mtume Paulo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 6, kuhusu Wakristo kutofungwa nira moja na wasioamini. Katika mafundisho ya kanisa hilo ni agizo la maisha. Katika riwaya limegeuka kuwa chombo cha msuko. Ndilo kizuizi kinachowatenganisha wapenzi, na kuongoka ndiko kunakokiondoa.

Pamela Regis, katika uchunguzi wake wa mwaka 2003 kuhusu riwaya ya kimahaba, anataja vipengele 8 ambavyo kila riwaya ya aina hiyo huwa navyo, vikiwemo kukutana kwa wapenzi, kizuizi, kukiri mapenzi, na kile anachokiita kifo cha ishara, yaani wakati ambapo mapenzi yanaonekana kuwa yamekwisha kabisa. Katika mahaba ya Kikristo kifo hicho cha ishara hukaribia sana kuwa kitu kimoja na toba. Ukaribu huo ni neema kwa mwandishi hodari na mtego kwa mwandishi mchanga. Ni neema kwa kuwa lugha ya Ukristo yenyewe inajua kufa na kufufuka. Ni mtego kwa kuwa mwandishi hudhani kwamba akimpigisha mhusika magoti amekwisha kumbadilisha.

Msimu Mmoja Baada ya Mwingine: Love Comes Softly

Riwaya ya Oke ina hadithi nyepesi. Marty, msichana wa miaka 19, yumo safarini kuelekea magharibi ya Marekani pamoja na mumewe Clem. Mume anafariki katika ajali. Siku ile ile ya mazishi, Clark Davis, mjane mwenye binti mdogo aitwaye Missie, anamwomba Marty waoane kwa jina tu: yeye Marty apate mahali pa kuishi, na mtoto apate mama. Clark anaongeza ahadi moja: Marty asiporidhika, msafara wa magari ya kukokotwa utakapopita majira ya kuchipua, atamlipia nauli arudi kwao.

Ahadi hiyo ndiyo ufundi mkubwa wa riwaya nzima, ingawa haina makeke. Kwa kumpa Marty nauli, mwandishi amempa uhuru. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba wawili hawa watapendana, kwa maana kichwa cha kitabu kimekwisha kusema hivyo. Lakini anajua pia kwamba mlango haukufungwa. Taharuki haitokani na swali la nini kitatokea, bali inatokana na swali la ni lini Marty atatambua kwamba hataki tena kuondoka. Huo ni wakati wa ndani, na Oke anaupima kwa kazi za nyumbani. Mwanzoni Marty hajui kupika kitu cha maana; anahangaika na mkate, anahangaika na kuku, anahangaika na mtoto asiyemtaka. Ujuzi wake unakua pamoja na ukimya baina yake na Clark, na ukimya huo unabadilika polepole kutoka ule wa wageni hadi ule wa watu wanaofahamiana.

Imani nayo inaingia kwa mlango huo huo wa nyumbani. Clark anasali mezani, na Marty, ambaye hakulelewa katika dini, anashangaa kumsikia mtu akizungumza na Mungu kana kwamba yupo chumbani. Hakuna mahubiri marefu. Marty anaamini kabla ya kukiri kwamba anampenda Clark, na jambo la kwanza halikufanywa kuwa sharti la la pili. Clark hakuwahi kumwambia kwamba atampenda akiokoka. Hivyo swali la Fielding limejibiwa kwa mpangilio wa matukio, wala si kwa hoja.

Udhaifu wa riwaya hii uko mahali pengine. Clark hana doa. Hasira yake haionekani, huzuni yake ya kumpoteza mke wa kwanza inatajwa kwa ufupi, na mahitaji yake kama mwanamume yamefichwa mpaka yanaelekea kusahauliwa. Mwandishi chipukizi anayemwiga Oke huiga jambo hili kuliko lile la nauli, kwa sababu mwanamume mkamilifu ni rahisi kumwandika. Matokeo yake ni kwamba mwanamke peke yake ndiye anayebadilika, na mwanamume anakuwa kama mhubiri aliyekuja na shamba.

Mwalimu na Daktari: Christy

Catherine Marshall aliuzungusha mpangilio huo. Christy, naye mwenye miaka 19, anakwenda mwaka 1912 kufundisha katika shule ya misheni kwenye milima ya Appalachia. Wanaume wawili wanavutiwa naye: David Grantland, mhubiri kijana, na Neil MacNeill, daktari asiyekuwa na imani. Kwa masharti ya utanzu jibu liko wazi, na mwandishi anayefuata kanuni kama mtu anayefuata orodha ya mahitaji ya sokoni angemwoza Christy kwa mhubiri. Marshall anatambua kwamba David ana kazi ya kanisa lakini bado hana kina cha imani, ilhali Neil hana imani lakini ana uchungu wa kweli kuhusu mateso ya watu wake. Homa ya matumbo inapoingia kijijini na kumwua Fairlight Spencer, rafiki mpenzi wa Christy, imani ya Christy mwenyewe inatikisika. Kisha yeye naye anaugua, na ni Neil, akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa aliyeshindwa kumponya kwa ujuzi wake, anayemlilia Mungu.

Inafaa kukumbuka kwamba Marshall aliijenga riwaya hii juu ya maisha ya mama yake, Leonora Whitaker, ambaye katika maisha halisi aliolewa na mhubiri. Riwaya inaelekea kwa daktari. Mwandishi aliyekuwa na habari za kweli mkononi alikubali kuziacha pale msuko ulipodai njia nyingine, na uamuzi huo una mafunzo kwa chipukizi anayedhani kwamba ushuhuda wa kweli, kwa kuwa ni wa kweli, hauhitaji kufanyiwa kazi. Ushuhuda unaotolewa kanisani na riwaya havipimwi kwa mizani moja. Msikilizaji wa ushuhuda humwona msemaji akiwa hai mbele yake, na uhai huo ndio uthibitisho. Msomaji wa riwaya hana cha kumthibitishia isipokuwa sentensi zilizomo kitabuni.

Hata hivyo kilele cha Christy kinakaribia mno ule mtego uliotajwa. Neil anaomba, na Christy anapona. Msomaji mkali atauliza: je, kama angekufa? Riwaya inalikwepa swali hilo kwa sehemu tu, kwa kuwa kifo cha Fairlight kimekwisha kulijibu: wapo walioombewa wakafa, na mwandishi hakuwaficha. Kwa sababu hiyo sala ya Neil haisomeki kama ununuzi. Kaburi moja lililochimbwa kwa uaminifu katika sura zilizotangulia limeipa sura ya mwisho haki ya kuwa na furaha.

Hosea na Rosa

Redeeming Love ndiyo riwaya yenye utata mkubwa zaidi kati ya hizi tatu. Rivers alikuwa amekwisha kuandika mahaba ya kidunia kabla ya kuongoka mwaka 1986, na hii ndiyo riwaya yake ya kwanza baada ya hapo. Ilichapishwa mwaka 1991 na Bantam, shirika lisilo la kidini, kisha mwaka 1997 ikatolewa upya na Multnomah baada ya mwandishi kuipitia. Mwaka 2022 ikafanywa filamu. Msuko wake umechukuliwa kutoka kitabu cha nabii Hosea, aliyeamriwa kuoa mwanamke kahaba. Rivers anauhamishia California ya mwaka 1850, wakati wa kukimbilia dhahabu. Angel aliuzwa kwenye ukahaba akiwa mtoto wa miaka 8. Mkulima Michael Hosea anamwona, anaamini kwamba Mungu amemwambia amwoe, na anamwoa. Angel anamtoroka, anarudishwa, anatoroka tena.

Ni dhahiri kwamba hapa maana mbili za neno "mapenzi" zimegongana. Michael anaposema kwamba ni matakwa ya Mungu, Angel hana la kujibu. Hakuna awezaye kubishana na sauti ambayo hakuisikia. Zaidi ya hayo, ndoa yenyewe inafungwa Angel akiwa amepigwa karibu kufa, na ridhaa yake ni ya mtu aliyechoka kuishi. Wahakiki waliolitilia jambo hili shaka wana haki. Katika jamii ambamo wasichana wengi wameambiwa na mchumba, na pengine na mchungaji, kwamba Mungu amekwisha kuonyesha nani atakayewaoa, riwaya inayoitukuza sauti hiyo bila ya kuihoji inaweza kuwa silaha mikononi mwa mtu mbaya. Mwandishi chipukizi asijidanganye kwamba hadithi yake ni burudani tu. Lynn Neal, aliyewahoji wasomaji wa utanzu huu nchini Marekani katika kitabu chake cha mwaka 2006, alionyesha kwamba wanawake hao huzisoma riwaya hizi kama sehemu ya maisha yao ya imani. Msomaji wa namna hiyo huchukua kutoka kitabuni kielelezo cha namna ya kupendwa.

Lakini theluthi ya mwisho ya riwaya inairekebisha ile ya kwanza, na hapo ndipo Rivers anapostahili heshima. Angel anapoondoka mara ya mwisho haondoki kwa chuki. Anaamini kwamba hawezi kumzalia Michael watoto, na anataka amwachie nafasi ya kuoa mwanamke mwingine. Safari hii Michael hamfuati. Anabaki shambani akingoja. Angel anakaa San Francisco kwa miaka mitatu. Imani yake inazaliwa huko, mbali na mume, na huko huko anaanza kuwasaidia wasichana waliotumbukizwa katika maisha aliyoyajua yeye. Anaporudi anarudi kwa miguu yake mwenyewe, na ndipo anapomtajia Michael jina lake halisi, Sarah. Misuko miwili imetenganishwa kwa umbali na kwa wakati. Aliyeongoka si mke aliyesongwa na mume mcha Mungu. Ni mtu huru aliyekuwa na kazi, marafiki na sababu ya kutorudi. Ile nauli ambayo Clark alimwahidi Marty katika ukurasa wa mwanzo, Michael anajifunza kuitoa mwishoni kabisa.

Kwa msomaji wa Kiswahili haiwezekani kuisoma riwaya hiyo bila ya kumkumbuka Rosa. Kezilahabi, aliyepata sehemu ya masomo yake katika seminari ya Kikatoliki, aliipa riwaya yake ya kwanza jina linalotoka katika litania ya Bikira Maria. Rosa analelewa Ukerewe na baba mlevi, Zakaria, anayempiga kikatili kwa ajili ya barua ya mvulana. Akitoka nje ya ukali huo hana kinga wala maarifa, na anaangamia katika uhuru asiofundishwa kuutumia. Anajaribu kuanza upya. Lakini Charles, kijana aliyempenda tangu zamani, anapogundua kwamba Rosa si bikira anamwacha, na Rosa anajiua. Kwa muda fulani riwaya hiyo ilizuiwa isisomwe shuleni kwa madai kwamba ilikiuka maadili.

Charles na Michael wanasimama mbele ya swali moja. Mmoja ana mbele yake mwanamke aliyejaribu kutubu, na anatafuta bikira. Mwingine ana mbele yake kahaba asiyetubu, na anatafuta mke. Inashangaza kwamba ni riwaya iliyoshutumiwa kuwa chafu ndiyo inayoonyesha kwa ukali zaidi gharama ya jamii inayolijua neno "dhambi" kuliko inavyolijua neno "msamaha". Kezilahabi hakuandika mahaba ya Kikristo. Aliandika maiti ya mahaba hayo, akaiweka mezani ili ichunguzwe, na hata aliposogeza hukumu mbele ya Mungu mwishoni mwa kitabu, hakumrudishia Rosa uhai. Yeyote anayetaka kuandika mahaba ya Kikristo kwa Kiswahili anaandika baada ya kifo hicho. Hawezi kudai kwamba upendo unasamehe yote kabla hajaeleza kwa nini Charles hakuweza kusamehe. Naye Charles si jini. Ni kijana wa kawaida mwenye mawazo ya kawaida ya jamii yake, na wengi wa wasomaji wangetenda kama yeye.

Kizuizi Kilichoota Nyumbani

Kosa la kawaida la chipukizi ni kuazima kizuizi pamoja na shamba lake, farasi wake na theluji yake. Kizuizi cha mahaba ya Marekani ni cha nafsi mbili: je, yeye anaamini? Kizuizi cha Afrika Mashariki mara nyingi kina watu wengi zaidi. Kuna mahari. Kuna wazee wa pande mbili. Kuna tofauti ya madhehebu, ambapo Mkatoliki na Mpentekoste, wote Wakristo, wanaweza kutazamana kama watu wa dini mbili. Kuna matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani Jumapili baada ya Jumapili, na kila mmoja aliyeketi kwenye mabenchi anajua kwamba mwenye pingamizi ana haki ya kusema. Mandhari ya jinsi hiyo, yenye taharuki iliyo tayari, hayapatikani katika riwaya ya mwituni ambamo mhubiri hupita mara moja kwa mwaka.

Walter Trobisch, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Kameruni, aliliona jambo hili mapema. Kitabu chake J'ai aimé une fille, kilichochapishwa mwaka 1962 na kujulikana sana Afrika kwa jina la I Loved a Girl, si riwaya bali ni mkusanyiko wa barua baina yake na kijana aitwaye François, na baadaye Cécile, mchumba wa François. Kinaanza kwa maungamo na mashauri, lakini kadiri barua zinavyoendelea mahari inasimama katikati ya vijana hao kama ukuta, na mashauri ya mchungaji yanaelekea kukosa nguvu. Barua hizo zina uhai wa kifasihi kwa sababu François anabisha. Anaiuliza dini maswali ambayo mhubiri hakuyatarajia, na mhubiri analazimika kuandika upya majibu yake. Chipukizi angejifunza kutoka kwazo kwamba mahubiri katika kazi ya kubuni yanavumilika pale tu anayehubiriwa anapopewa akili sawa na ya anayehubiri.

Katika The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1965) mahaba ya Waiyaki na Nyambura yanakwama kwa sababu Joshua, baba yake Nyambura, ni mhubiri ambaye imani yake imekuwa mpaka baina ya vilima viwili. Hapa mtu wa Mungu ndiye kizuizi. Mwandishi Mkristo anaposoma riwaya hiyo huweza kukasirika na kuiona ni shambulio. Ingemfaa zaidi aione kama kazi aliyoachiwa: je, anaweza kumwandika Joshua kutoka ndani, mzee aliyempoteza binti yake Muthoni na bado akaamini kwamba ametenda haki, na kumwonyesha anavyopambana na neno analolihubiri? Mgogoro huo ni wa Kikristo kuliko ule wa daktari asiyeamini.

Kuhusu namna ya kuandika huba yenyewe, mwalimu bora kuliko wote huenda akawa Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe aliyekuwa katekista wa Kikatoliki. Riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka ilikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Wazazi wa mke, wakiwa wameudhika kwa masimango ya wakwe, wanamchukua binti yao. Mume anakwenda kumwomba, na kutozwa pombe ya ndizi kama faini. Kurasa nyingi zinaeleza kazi ya kuitayarisha pombe hiyo, na kazi hiyo ndiyo tamko la mapenzi. Myombekere hasemi kwamba anampenda mkewe, anakata ndizi. Katekista huyu hakuingiza mahubiri katika hadithi yake, wala hakuhitaji, kwa sababu uaminifu wa mume kwa mke tasa katika jamii iliyomruhusu kuoa wa pili ni fundisho tosha. Oke wa Alberta na Kitereza wa Ukerewe hawakujuana, lakini wamekutana katika jambo moja: wote wawili wanaamini kwamba mapenzi huonekana mikononi kabla ya kusikika kinywani.

Aidha, mwandishi wa Kiswahili asidhani kwamba kuchanganya dini na ndoa katika fasihi ni jambo lililoletwa na meli za wamisionari. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake wa mwaka 1858 akimfundisha binti yake wajibu wa ndoa na wajibu kwa Mungu katika pumzi moja. Mwandishi Mkristo si mfuasi wa dini hiyo, na mwanamke wa leo ana mengi ya kubishana na mama huyo. Lakini lugha anayoiandikia ilikwisha kuzoea kuyazungumza mambo hayo mawili pamoja, na ina msamiati mpana wa staha: kusitiri, kuhifadhiana, kuridhiana. Sharti la utanzu la kutoeleza tendo la ndoa, ambalo waandishi wengine huliona ni kifungo, katika Kiswahili ni mazoea ya adabu yenye mbinu zake tele.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba ubora wa riwaya ya kimahaba ya Kikristo hautegemei wingi wa sala zilizomo wala usafi wa wahusika wake. Unategemea jinsi misuko miwili inavyoachwa huru. Oke aliweka nauli mezani, Marshall alichimba kaburi kabla ya kujibu sala, na Rivers, baada ya makosa makubwa, alimwacha mwanamke aende na kumzuia mwanamume asimfuate. Penye uhuru huo msomaji asiyeamini anaweza kuendelea kusoma, na msomaji anayeamini hadanganywi kuhusu mambo anayoyaona kila Jumapili: kwamba wapo waliookoka wasioolewa, na wapo walioolewa na waumini wakajuta.

Kwa mwandishi chipukizi wa Kiswahili kazi iliyobaki ni nzito na ni yake. Rosa alikufa mwaka 1971, na tangu wakati huo wasichana wengi wamesoma kifo chake darasani kama onyo kuhusu mienendo yao wenyewe. Ni wachache waliosomeshwa kama onyo kuhusu Charles. Riwaya ambayo ingemchukua kijana kama Charles, ikamweka mbele ya mwanamke kama Rosa, na kueleza hatua kwa hatua, bila ya muujiza wa sura ya mwisho, ni nini kingemwezesha kubaki, bado inahitajika. Mwandishi atakayeijaribu atalazimika kumtazama Charles kwa muda mrefu zaidi ya anavyomtazama Rosa, kwa maana katika hadithi hiyo anayehitaji kuongoka ni yule aliyeketi kanisani siku zote.